Pitisha Paipu Kabla ya Lipu

Habari za jioni, ndugu zangu. Nashukuru kwa mwaliko, na nimefurahi zaidi kuona wenye nyumba na mafundi umeme wamekaa ukumbi mmoja, maana ninayotaka kusema kuhusu intaneti ya nyumbani yanawahusu nyote, na mara nyingi kila upande huyasikia peke yake.

Nyaya kubwa za intaneti za baharini zilianza kufika pwani yetu mwaka 2009, Seacom ikiwa mojawapo, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipokatika kwa pamoja, nchi nzima ikahangaika. Siku ile shida ilikuwa baharini kweli. Lakini siku nyingine nyingi, mtu anapolalamika kuwa intaneti inasuasua, shida iko kati ya sebule yake na chumba chake cha kulala. Hapo ndipo nataka tukae leo.

Faiba inaingia nyumbani kama uzi mmoja mwembamba wa kioo, inaishia kwenye kichwa cha kijani, na kichwa hicho kinachomekwa kwenye kifaa cha kupokelea. Fundi wa kampuni anapofika, anatafuta dirisha lililo karibu na nguzo, anatoboa, anafunga kifaa hapohapo, anaondoka. Usimlaumu. Amelipwa kukufikishia, hakulipwa kukusambazia. Wewe ndiye unayepaswa kumwambia, kabla hajatoa drili, kwamba kifaa kikae katikati ya nyumba, au kwenye kabati ambako nyaya zako zote zinaishia. Na uzi ule usiukunje kona kali wala kuubana nyuma ya kochi. Taa nyekundu ya LOS ikiwaka, mwanga haufiki, na kuzima na kuwasha kifaa hakutausaidia uzi uliovunjika.

Sasa tuje kwenye kuta, maana hapa ndipo nina uchungu. Ushauri mwingi unaosoma mtandaoni umeandikwa na watu wanaoishi kwenye nyumba za mbao na jipsamu. Sisi tunajenga kwa tofali za saruji za inchi 6, nguzo zina nondo, na ghorofa ina slabu yenye wavu mzima wa nondo. Waifai ina masafa mawili yanayotumika sana, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ni kama muziki wa jirani: besi inapenya ukuta, maneno ya mwimbaji hayapenyi. Ile ya 2.4 inafika mbali lakini ni ya polepole, tena imejaa majirani, kwa kuwa ina chaneli 3 tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ile ya 5 ina kasi, ila kuta mbili za tofali zinatosha kuinyong'onyeza. Kwa hiyo kununua raouta yenye antena nyingi zaidi na kuiweka palepale dirishani ni kutupa fedha.

Dawa ni waya. Kila kisichohama nyumbani kipewe waya: televisheni, kompyuta ya mezani, mashine ya kurekodi kamera za ulinzi, na hata vifaa vyenyewe vinavyorusha waifai. Simu na laptopu ndizo ziachiwe hewa.

Wakati wa kupitisha waya ni ule ule fundi umeme anapotindua ukuta, kabla ya lipu. Mwambie alaze paipu nyingine ya milimita 25, iwe peke yake, isichanganywe na nyaya za umeme, na zikikutana zikatane kwa pembe mraba, zisisafiri ubavu kwa ubavu. Ndani ya paipu aache kamba ya kuvutia. Paipu na kamba ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kubomoa lipu na kupaka rangi upya. Kila chumba kipate nyaya mbili, na zote zirudi sehemu moja, kwenye kabati dogo lenye hewa na soketi, ambako kutakaa kifaa cha faiba, raouta na swichi ya mtandao, yaani kisanduku kinachogawa mtandao kwa nyaya zote za vyumbani. Waya mmoja usizidi mita 100. Kwa nyumba zetu hakuna wasiwasi.

Ukienda dukani kununua Cat6, yaani waya huo wa mtandao, beba wembe. Kwangua uzi mmoja wa ndani. Ukiwa mwekundu hadi kiini, hiyo ni shaba. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, acha. Inakatika kirahisi, na ukiitumia kupeleka umeme kwenye kamera au kifaa cha waifai, inapata joto. Kuna maboksi yameandikwa Cat6 kwa herufi kubwa na ndani ni alumini tupu, na huo ni wizi.

Mafundi, hili ni lenu. Waya una nyuzi 8, na zote 8 zichomekwe kwa mpangilio mmoja pande zote mbili: mweupe wa chungwa, chungwa, mweupe wa kijani, bluu, mweupe wa bluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Ukichomeka nyuzi 4 tu, taa zitawaka na mteja atakushukuru, lakini hatavuka megabiti 100 kwa sekunde hata akilipia 300. Atailaumu kampuni miaka mitatu, na kosa liko kwenye kidole chako.

Kwa nyumba ya ghorofa, weka kifaa kimoja cha waifai darini kila ghorofa, kikipata mtandao na umeme kwa waya huohuo. Jina na neno la siri viwe vilevile, chaneli ziwe tofauti. Ukiweka raouta yako nyuma ya ile ya kampuni, moja tu igawe anwani, yaani namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Nyingine ibaki kurusha tu. Neno la siri la kuingilia mipangilio ulibadilishe siku ya kwanza, na usalama wa waifai uchague aina ya WPA2 au WPA3.

Jambo la umeme watu hulisahau. Kwenye faiba nyingi za majumbani, kisanduku cha mtaani kinachogawa mwanga hakitumii umeme kabisa. Kwa hiyo umeme ukikatika, mara nyingi faiba bado iko hai. Kilichozimika ni kifaa chako. Betri ndogo ya volti 12 inakipa saa kadhaa, na mtoto anamaliza mtihani wake.

Mama pale nyuma ameuliza: nyumba imeshapigwa lipu na kupakwa rangi, afanyeje? Mama, kama una dari, waya upite juu yake na kushuka kwenye kona ya chumba ndani ya reli ya plastiki. Ukishindwa, upite nje ya ukuta, lakini uwe ule mweusi wa nje unaovumilia jua. Zikishindikana zote, nunua vifaa vya meshi, yaani vifaa vya waifai vinavyopokezana mtandao hewani bila waya, na hicho cha pili usikiweke kwenye chumba kisicho na mtandao. Kiweke koridoni, mahali ambapo bado kinasikia cha kwanza vizuri. Chukua simu, fungua programu ya kupima nguvu ya waifai, simama hapo koridoni. Utaona namba yenye alama ya hasi. Hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 inatosha kwa simu ya video, hasi 80 ni mateso. Ikizidi udhaifu wa hasi 67, sogea mita moja kuelekea mlango wa sebule, pima tena, na hapo panapokubali ndipo pa kukiweka.