Sikio Halina Kope: Kelele za Jiji na Moyo

Najua tangazo la mazungumzo haya lilisema "afya mijini", na wengi mlitarajia nianze na moshi. Moshi utasubiri. Moshi una wengi wanaoupinga. Kelele kila mtu huziita kero tu, yaishe.

Sikio halina kope. Umelala, lakini linapokea, na ubongo unachambua. Lori likipita saa nane usiku huamki, na asubuhi hukumbuki kitu. Mwilini, hata hivyo, homoni za mshtuko zimeshamwagika, mapigo yamepanda, mishipa imekaza. Hayo yakijirudia usiku baada ya usiku kwa miaka, presha hupanda, na maradhi ya moyo hufuata. Kuna anayenong'ona pale nyuma, "Mimi nimezoea." Umezoea kutoamka! Moyo haujazoea: ukipimwa usingizini, mapigo bado yanaruka gari likipita.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa Ulaya, lilishauri kelele za barabarani usiku zisifike wastani wa desibeli 45 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) nje ya nyumba. Na desibeli, jamani, hazihesabiwi kama machungwa. Kutoka 45 hadi 48 nishati ya sauti imekuwa maradufu; ikifika 55 ni mara kumi.

Sasa, zile trei za mayai mlizobandika ukutani kuzuia kelele: bandueni. Zinapunguza mwangwi kidogo, lori hazilizuii. Pazia nalo halifui dafu. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba mianya. Usiku, mtu amulike tochi nje ya dirisha na mlango, wewe ukae ndani gizani. Panapopenya mwanga, sauti nayo inapita. Ziba kwa utepe wa mpira, chini ya mlango weka brashi. Kabla ya kununua kioo cha gharama, hamishia kitanda chumba kisichotazama barabara.

"Tukifunga dirisha tutaiva!" Kweli kabisa. Zege na lami hunywa joto mchana na kulitoa usiku, ndiyo maana jiji halipoi. Basi dirisha liwe wazi, tumia vizibo vya masikio vya sponji. Kisokote mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia yake inyooke, ingiza, shikilia kwa kidole sekunde 30 kitanuke. Wengi hukichomeka nusu, kisha wanalaumu kizibo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, moshi: kiwango cha wastani wa mwaka cha PM2.5, yaani chembe ndogo mno za uchafu hewani, kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kilishushwa mwaka 2021 kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Ukitembea au kukimbia, pita mtaa wa ndani. Hewa chafu ya magari hupungua haraka ukiiacha barabara kuu. Kukaa kitako kutwa, na upweke, nilikuwa nimeviandika humu. Leo havipati nafasi. Maswali?