Muulizeni Kwanza Anameza Nini

Mabibi na mabwana, walionisikia siku nyingine watanisamehe, kwa maana naanza pale pale ninapoanzia kila mara: mwanamume akija na titi lililovimba, swali la kwanza liwe ni dawa gani anazotumia, na mara nyingi haliulizwi. Hupimwa damu, hupigwa picha, huanza kuona haya kuvua shati, ilhali kidonge chenyewe kimo mfukoni mwake.

Chukueni spironolaktoni, wanayopewa wagonjwa wa moyo na wa ini. Kazi yake ni kuizuia homoni ya aldosteroni ili mwili utoe chumvi na maji, lakini hupita ikaziba pia vipokezi vya homoni za kiume, yaani milango ambayo homoni hizo hufanyia kazi mwilini. Titi la mwanamume limo katika mizani: estrojeni, homoni ya kike, hulikuza, testosteroni, ya kiume, hulizuia, huyu wa pili akifungwa mikono, tezi ya titi hukua hata kama estrojeni haikuongezeka chembe. Katika utafiti mkubwa wa wagonjwa wa moyo uliochapishwa mwaka 1999, asilimia 10 ya wanaume walioitumia walipata uvimbe au maumivu ya titi, dhidi ya asilimia 1 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mmoja kati ya kumi, na bado tunashangaa! Mtaniambia basi dawa hiyo iachwe. La hasha, utafiti huo huo ulionyesha kuwa inapunguza vifo, kwa hiyo asiiache mtu kwa uamuzi wake, bali amwambie daktari, ambaye anaweza kumbadilishia eplerenoni, isiyogusa sana vipokezi vile.

Zipo nyingine: finasteridi ya tezi dume, ketokonazoli ya fangasi, risperidoni ya maradhi ya akili, efavirenzi ya virusi vya UKIMWI. Na yule anayejidunga testosteroni ili atunishe misuli asinichekeshe, kwa kuwa ziada yake mwili huigeuza kuwa estrojeni.

Naona msimamizi ananyoosha kidole kwenye saa, basi visababishi vingine, yaani maradhi ya ini, figo na tezi ya shingo, na uvimbe wa korodani, nitavitaja tu, na wavulana wanaobalehe waachwe, kwani kwa wengi uvimbe wa titi hupungua wenyewe. Bonge gumu la upande mmoja lisilokaa chini ya chuchu, au chuchu inayotoa damu, lipimwe bila kusubiri, kwa kuwa saratani ya titi huwapata wanaume pia. Uvimbe wa dawa nao usingojewe mwaka mzima, maana baada ya hapo tezi huwa imegeuka kovu, na kuacha kidonge hakutauondoa.