Kompyuta Inaganda Wakati wa Kuwaka: Angalia Kwanza Inagandia Wapi

Karibuni watazamaji. Leo tunashughulika na kompyuta ya nyumbani ambayo ukiibonyeza inawaka, lakini inafika mahali inaganda. Nembo imebaki palepale, vidoti vilivyokuwa vinazunguka vimesimama, au skrini ni nyeusi tupu na feni inavuma. Kabla hujashika bisibisi, na kabla hujafikiria kupiga Windows upya, iwashe kisha uitazame tu. Pale inapogandia ndipo panapotuonyesha pa kuanzia. Watu wengi wanaruka hatua hii, halafu wanapoteza siku nzima, na wakati mwingine wanapoteza na mafaili yao.

Haya, iwashe. Ikikwamia kwenye nembo ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, au kabla hata ya nembo, Windows bado haijaanza kusomwa. Hapo ni BIOS, ile programu ya kwanza kuamka ukiwasha kompyuta, inakagua vifaa: RAM (kumbukumbu ya muda), diski, kadi ya picha, na kila ulichochomeka. Ukipiga Windows upya katika hali hiyo hujagusa tatizo. Ikipita hapo ikakwamia kwenye vidoti vinavyozunguka, Windows imeshaanza kupakia draiva (programu zinazoendesha vifaa) na kusoma diski. Na ikikupokea, ukaandika nenosiri, ndipo ikaganda, basi mara nyingi shida iko kwenye programu zinazojiwasha zenyewe.

Sasa tuhakikishe kwamba kweli imeganda. Sogea karibu na kibodi, bonyeza Caps Lock, uangalie kile kitaa chake. Nabonyeza: kimewaka. Nabonyeza tena: kimezima. Kompyuta inayoitikia hivi bado inafanya kazi, ipe muda. Kama kitaa hakibadiliki hata ubonyeze mara ngapi, hapo imesimama kabisa. Kwenye kompyuta ya mezani angalia pia taa ya diski. Ikiwa inapepesa, diski bado inasomwa. Na ikiwa skrini imeandika kwamba masasisho yanawekwa, tafadhali usikate umeme kwa sababu ya asilimia iliyochelewa kusogea. Kuikatisha katikati ya sasisho ni njia ya haraka ya kuifanya Windows isiwake tena.

Imesimama kabisa? Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi mpaka izime. Chomoa kila kitu cha nje: printa, flashi, diski ya nje, kisoma kadi, kamera, hata chaja ya simu iliyochomekwa kwenye USB. Bakiza skrini, kibodi na mausi. Washa. Ikiwaka vizuri, rudisha kimoja kimoja, na kila ukirudisha uzime na kuwasha upya, mpaka umpate mkosaji. Hatua hii ni rahisi kiasi kwamba watu huidharau, lakini flashi mbovu iliyosahaulika nyuma ya kompyuta inatosha kabisa kuikwamisha kwenye nembo.

Bado inakwama kwenye nembo? Tunafungua. Chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha boksi la kompyuta kabla hujagusa kitu kingine, ili umeme tuli wa mwilini usiharibu vifaa. Tazama hapa: hizi ndizo RAM, zimesimama wima kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta. Sukuma hivi vishikizo vya pembeni kwenda nje, RAM inaruka juu yenyewe. Ishike kwa kingo, vidole visiguse haya meno ya rangi ya dhahabu. Kama yamefubaa, yapanguse kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo na uache yakauke. Kisha irudishe ukilinganisha pengo lake na kizuizi kilichomo kwenye tundu, ubonyeze pande zote mbili kwa nguvu sawa mpaka usikie vishikizo vimejifunga. Huo mlio ni muhimu, kwa sababu RAM iliyoingia nusu inaonekana kama imekaa sawa.

Ukiwa na RAM mbili, jaribu kuwasha na moja, kisha na nyingine. Kwenye kompyuta mpya zaidi, baada ya kugusa RAM skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa kompyuta ikizipima upya, vumilia. Kwa wenye laptopu, nyingine RAM zake zimechomelewa kwenye mazabodi, hizo haziondolewi. Kabla hujafunika, kandamiza na nyaya za diski, na uangalie ile betri ndogo ya duara iliyo kwenye mazabodi. Kama saa ya kompyuta hurudi nyuma kila ukizima, betri hiyo imekwisha. Nyingi ni aina ya CR2032, ya volti 3.

Twende kwa wale wanaokwamia kwenye vidoti. Hapa tunataka kuingia kwenye sehemu ya matengenezo ya Windows 10 au 11. Washa, na nembo ikitokea tu, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia. Baada ya kushindwa kuwaka mara mbili mfululizo, safari inayofuata Windows yenyewe hufungua matengenezo. Ukifika hapo chagua Troubleshoot, halafu Advanced options. Inaweza kukudai ufunguo wenye tarakimu 48 wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski. Kama kompyuta yako imeunganishwa na akaunti ya Microsoft, ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu, kwa kawaida ufunguo umehifadhiwa humo.

Nataka usimame hapa kidogo. Ukisikia diski inagonga tik, tik, tik, au kabla ya kuganda kompyuta ilikuwa inachukua muda mrefu kufungua faili dogo, diski yako huenda inakufa. Usianze kuirekebisha. Amri za ukaguzi huilazimisha diski isomwe kila kona, na diski dhaifu inaweza kumalizikia hapohapo. Kwanza okoa picha zako na kazi zako. Kwa kompyuta nyingine, tengeneza flashi ya Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ya GB 8 inatosha. Washia kompyuta yako kwenye flashi hiyo, chagua kujaribu bila kusakinisha, na unakili mafaili kwenda diski ya nje. Diski iliyofungwa kwa BitLocker itakudai ule ufunguo wa tarakimu 48 hapa pia. Anza na yale usiyoweza kuyapata tena popote. Filamu na programu ziache mwisho.

Mafaili yakishakuwa salama, rudi kwenye Advanced options, fungua Startup Settings, bonyeza Restart, kisha bonyeza namba 5 upate hali salama yenye intaneti. Katika hali salama Windows huwaka na draiva chache za lazima tu. Kwa hiyo ikiwaka bila kukwama, jibu limeshaanza kuonekana: kuna draiva au programu inayoikwamisha. Kumbuka kilichoingia kabla tatizo halijaanza. Ni draiva mpya ya kadi ya picha? Irudishe ya zamani. Ni antivairasi ya pili juu ya ile iliyokuwepo? Ondoa moja, maana mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hugombana. Ni sasisho la Windows? Kule kwenye Advanced options kuna Uninstall Updates.

Hukumbuki chochote? Ukiwa bado katika hali salama, tafuta Command Prompt, ifungue kwa ruhusa ya msimamizi, uandike: sfc, nafasi, mkwaju (/), scannow. Hii hukagua mafaili ya Windows na kubadilisha yaliyoharibika. Ikimaliza, andika chkdsk, nafasi, C na nukta pacha (:), nafasi, mkwaju, f. Itasema diski inatumika. Jibu Y, na ukaguzi utafanyika utakapowasha tena. Ukiweka r badala ya f itatafuta pia sehemu mbovu za diski, na kwenye diski kubwa hiyo ni kazi ya saa nyingi.

Na kama ikizimwa usiku asubuhi inaganda, lakini ukibonyeza Restart inawaka vizuri, shuku uwashaji wa haraka. Unapozima kwa kawaida, Windows huhifadhi sehemu yake kwenye diski ili iwahi kuwaka. Restart haifanyi hivyo. Ingia Control Panel, Power Options, Choose what the power buttons do, ruhusu mabadiliko, uondoe alama kwenye Turn on fast startup.

Waliobaki ni wanaoganda baada ya nenosiri. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, nenda kwenye orodha ya Startup. Ikigoma, fungua orodha hiyohiyo ukiwa katika hali salama. Zima nusu ya programu, uwashe upya. Ikiwaka vizuri, mkosaji yumo kwenye nusu uliyoizima, kwa hiyo rudisha chache chache mpaka igande tena. Ukishaijua programu yenyewe, pakua toleo jipya kutoka kwenye tovuti ya walioitengeneza, na kama bado inagandisha, iondoe.