Kufunga Uzazi, Tezi Dume na Mkojo wa Uzeeni

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo? Na akina mama mliokaa nyuma kule, karibuni sana, maana naona baadhi ya hawa mmewaleta nyinyi. (Kicheko.)

Niliombwa niongelee uzazi wa mpango kwa wanaume kwa ujumla. Lakini kabla sijasimama nimeletewa vikaratasi vya maswali, na karibu vyote vinauliza jambo moja. Mwanaume akifunga uzazi leo ana miaka 38, akifika 65 mkojo wake utakuwaje? Tezi dume haitavimba? Haitageuka saratani? Basi ile hotuba niliyoandaa naiweka pembeni, tuongee hili.

Tuanze na njia zenyewe. Mbegu za kiume hutengenezwa kwenye korodani. Zinapanda kwa mirija miwili, mmoja kila upande, zinaingia tumboni, zinazunguka nyuma ya kibofu, ndipo zinafika kwenye tezi dume na kukutana na mrija wa mkojo. Daktari anayekufunga uzazi hagusi kibofu wala tezi dume. Anaikata na kuiziba ile mirija huku chini, kwenye mfuko wa korodani, kwa ganzi ya sindano, na nusu saa haiishi. Tangu daktari wa Kichina Li Shunqiang alipobuni njia ya kutoboa ngozi badala ya kuipasua kwa kisu, mwaka 1974, mara nyingi hata kushonwa hakuna.

Tezi dume inaendelea na kazi yake ya kutoa majimaji. Mbegu zenyewe hazifiki hata asilimia 5 ya shahawa, kwa hiyo mke hataona tofauti. Na homoni ya kiume haipiti kwenye ile mirija, inaingia moja kwa moja kwenye damu. Hapa ndipo watu wanapochanganya na kuhasiwa. Aliyehasiwa ameondolewa chanzo cha homoni, na tezi dume yake husinyaa. Daktari Charles Huggins alionyesha mwaka 1941, huko Chicago, kwamba kuondoa korodani kunapunguza kasi ya saratani ya tezi dume, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Tezi dume inalishwa na homoni. Aliyefunga uzazi homoni yake iko vilevile, kwa hiyo tezi yake itazeeka vilevile kama ya jirani yake ambaye hakufunga.

Kuna kichekesho ndani ya historia hii. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Ulaya na Marekani waliifunga mirija hiyo kwa wazee wakitaka KUPONYA tezi dume iliyovimba! Waliona kuhasi kunasaidia lakini ni ukatili, wakadhani kukata mrija kutafanya kazi ileile kwa upole. Haikufanya. Wazee waliendelea kuamka usiku. Kisha akaja mwanasayansi Eugen Steinach wa Vienna akidai kwamba kufunga mirija kunarudisha ujana, na watu wazito wakakimbilia huko. Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya akili, alifungwa mirija mwaka 1923, mshairi W. B. Yeats mwaka 1934, naye ameshapita miaka 65. Ujana haukurudi, ingawa Yeats mwenyewe aliapa kwamba umerudi. (Kicheko.) Kwa hiyo mrija huu mdogo ulianza kwa kusifiwa kuwa ni dawa ya tezi dume, halafu miaka mia baadaye ukashtakiwa kuwa ndio sumu yake.

Mashtaka yalikuja mwaka 1993. Tafiti mbili za Marekani zilitoka kwa pamoja zikisema waliofunga uzazi wanapata saratani ya tezi dume kama mara 1.6 kuliko wasiofunga. Magazeti yakapiga kelele. Taasisi za afya za Marekani zikaitisha wataalamu mwaka huohuo, nao wakasema ushahidi hautoshi kubadili huduma.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo mzizi wa fitina ulipo. Mwanaume wa Marekani anayefunga uzazi ni mtu wa namna gani? Ana bima, ana daktari wake, na alipokwenda kufungwa alikutana na bingwa wa njia ya mkojo. Akifika miaka 55, bingwa yuleyule anamwambia, hebu tupime na damu, kile kipimo cha tezi dume kinachoitwa PSA. Jirani yake ambaye hajawahi kuvua suruali mbele ya daktari hapimwi. Na saratani nyingi za tezi dume hukua polepole mno, kiasi kwamba mzee anaweza kufa na miaka 85 kwa kitu kingine kabisa bila kujua kama alikuwa nayo. Anayepimwa anazipata. Mvuvi mwenye wavu wa matundu madogo ataleta dagaa wengi zaidi pwani, lakini hilo halikuambii kwamba upande wake wa ziwa ndio wenye samaki.

Ndiyo maana New Zealand ni muhimu, nchi ambako wanaume wengi sana hufunga uzazi, si wenye bima peke yao. Utafiti wa huko uliotoka mwaka 2002 haukuona uhusiano, hata kwa waliofunga miaka 25 nyuma au zaidi. Haukumaliza ubishi, nisiwafiche. Mwaka 2014 wale watafiti wa 1993, wa Chuo Kikuu cha Harvard, walirudi na wanaume zaidi ya 49,000 wakaona ongezeko la asilimia 10. Mwaka 2016 Shirika la Saratani la Marekani likaangalia vifo kati ya wanaume zaidi ya 360,000, halikuona kitu. Mwaka 2020 Denmark, kwa kutumia rejesta za wanaume zaidi ya milioni 2, ikaona ongezeko la asilimia 15. Mnaona namba hizi zilivyo ndogo kuliko ile mara 1.6, yaani asilimia 60 zaidi? Waliozijumlisha tafiti zote mwaka 2017 walikadiria kwamba hata kama ongezeko hilo ni la kweli, ni kama wanaume 6 zaidi kati ya 1,000 kwa maisha yao yote, na hawakuona uhusiano na zile saratani kali zinazoua. Mimi kwa namba hizo simzuii mtu kufunga. Lakini akiniuliza, namwambia zote, simwambii "hakuna kitu" kama naficha deni.

(Swali kutoka kwa mzee mmoja: "Sasa daktari, mbona mimi sikufunga na mkojo unanitesa?")

Swali zuri, mzee wangu, na ndilo nililokuwa nalitaka. Tezi dume imezunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kwenye kibofu. Ikikua, inaubana. Kufikia miaka 60 karibu nusu ya wanaume wana tezi iliyokua, na kufikia 80 ni wengi mno. Hiyo si saratani. Unasimama chooni unasubiri mkojo uanze, unakatika njiani, unatoka matone, unahisi hujamaliza, unaamka usiku mara tatu, mara nne. Kuna vidonge vya kulegeza misuli kama tamsulosini, na vya kupunguza tezi kama finasteride. Sisemi chochote juu ya yale mabango ya "tiba ya tezi dume" kwenye nguzo za umeme, ila mpigie simu mwenye bango umuulize kama ana kipimo cha figo. (Kicheko.)

Jambo dogo ambalo wengi hawaambiwi: dawa za mafua. Piritoni, na zile za kuzibua pua, zinaweza kuufunga kabisa mkojo wa mzee mwenye tezi kubwa. Amekunywa vidonge viwili alale vizuri, saa tisa usiku anapelekwa hospitali kuwekewa mpira wa kutolea mkojo. Wakati mwingine si uzee uliomfikisha pale, ni mafua.

Na si kila shida ya mkojo ni tezi. Kwetu hapa, kisonono cha ujanani ambacho hakikutibiwa vizuri huacha makovu yanayoubana mrija wa mkojo miaka 20 baadaye. Kichocho cha mkojo tunakijua sote, Pwani na Kanda ya Ziwa, na kikikaa miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu. Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata kama haiumi, usisubiri irudi.

Ubaya halisi wa kufunga uzazi ni wa karibu zaidi. Uvimbe wa damu au usaha siku za mwanzo, na wanaume kama 1 hadi 2 kati ya 100 hubaki na maumivu ya korodani ya muda mrefu yanayowasumbua. Kinga haianzi siku hiyo: tumia njia nyingine kwa miezi mitatu, kisha shahawa zipimwe. Haizuii Ukimwi. Na kuifungua tena ni upasuaji mgumu wenye gharama na usio na uhakika, kwa hiyo ukimfuata daktari nenda umeshaamua. Na ukiamua, amua na mke. Utafiti uliofanywa Kigoma na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba sauti ya mke ina uzito mkubwa katika jambo hili, na nadhani hakuna aliyeshangaa humu.

(Swali: "Aliyefunga apime tezi dume lini?")

Wakati uleule kama ambaye hakufunga. Wanaume wenye asili ya Afrika tuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa hiyo zungumza na daktari ukiwa na miaka 45 hivi, au 40 kama baba au kaka aliugua. Kabla ya kutolewa damu ya PSA, kaa siku mbili bila tendo la ndoa na bila kuendesha baiskeli masafa marefu, maana hivyo vinaweza kuipandisha. Ukiwa na maambukizi ya mkojo, tibiwa kwanza, upime baadaye. Na kama unameza finasteride mwambie anayekupima, kwa sababu inaishusha PSA kama nusu, na bila kujua hilo atakurudisha nyumbani akidhani uko salama. Haya, kuna mkono kule nyuma. Mama, karibu.