Si Kila Tezi ya Kifuani Ni TB: Mhadhara kwa Wahudumu wa Afya ya Jamii, Kisumu

Habari za asubuhi, wenzangu. Ahsanteni kwa kufika, wa Nyalenda, wa Manyatta na wa Kondele. Leo nazungumzia sakoidosisi, ugonjwa unaoweza kudhaniwa kuwa TB.

Kuna mama mmoja mchuuzi wa omena aliyenijia akiwa amemaliza dawa za TB, miezi sita, hakuruka hata siku moja. Makohozi yalipimwa mara kadhaa, vijidudu havikuonekana. Kikohozi kikavu kilikuwa palepale, na akibeba karai alihema. Picha ya kifua ilionyesha tezi zimevimba kulia na kushoto, karibu kulingana. Nilipomtazama usoni, puani palikuwa na vipele vigumu vya zambarau. Yeye alidhani ni jua la ziwani.

Tulitoa kipande cha tezi kikapimwa. Chini ya hadubini kulikuwa na vinundu vya chembe za kinga zilizoshikana. Kinundu cha TB mara nyingi huoza katikati. Hivi vilikuwa vizima. Ilikuwa sakoidosisi. Haiambukizi, kwa hiyo msiruhusu mgonjwa atengewe kikombe. Wala si saratani, ingawa Cæsar Boeck, daktari wa ngozi wa Norway, mwaka 1899 aliipa jina kwa kuifananisha na sakoma, aina ya saratani.

Mapafu na tezi za kifuani huguswa kwa wagonjwa takriban 9 kati ya 10. Lakini sura zake ni nyingi. Ile iitwayo Löfgren huja ghafla: homa, vifundo vya miguu kuvimba, na mabonge yanayouma kwenye miundi. Vitabu husema mabonge hayo ni mekundu, ila kwenye ngozi yetu wekundu hujificha. Pitisheni kiganja taratibu. Mtahisi joto na ugumu kabla ya kuona chochote. Hii mara nyingi hupona yenyewe. Nyingine, ya Heerfordt, huvimbisha tezi za mate mashavuni, huumiza macho, na uso waweza kupinda upande mmoja.

Ninayoihofia ni ya macho na ya moyo. Jicho huuma, huona ukungu na kukimbia mwanga, na likiachwa laweza kupofuka. Moyo nao hupoteza mpangilio wa mapigo. Mgonjwa akizimia, msingoje kliniki ya wiki ijayo, apelekwe siku hiyohiyo.

Vinundu hivi pia hutengeneza vitamini D kupita kiasi, kalsiamu ikapanda kwenye damu, mtu akawa na kiu isiyoisha na mawe ya figo. Kwa hiyo tembe za kalsiamu za dukani zisinywewe kabla ya kupima damu.

Dawa kuu ni prednisoloni, lakini hushusha kinga. Akipewa mwenye TB iliyojificha bila dawa zake, TB yaweza kuwaka. Ndiyo maana TB hutafutwa kwanza, na mgonjwa wa TB asiache dozi kwa sababu ya maneno yangu ya leo.

Mkiandika rufaa, msiishie kwenye kikohozi. Andikeni macho, ngozi, miundi, na kama amewahi kuzimia. Yule mama, kwenye karatasi zake zote, pua haikutajwa hata mara moja.