Kombe Zuri Usilitie Mfukoni

Asalaam aleikum, hamjambo jamani, nyie wa nyuma sogeeni mbele maana feni hii inapiga kelele. Haya. Hili kombe nimeshika liko tupu, msiogope, lipitisheni kwa mikono mkalione, hudhurungi na nyeupe zimechorwa kama ramani, ndo maana mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758 akamwita mwenyewe, huyu konokono wa baharini mwenye sumu, Conus geographus. Kwetu huku Bahari ya Hindi yuko, mchana amejificha kwa mchanga na matumbawe, usiku ndo anatoka kutafuta riziki.

Sasa niambieni, konokono na samaki nani ana mbio? Mwenzenu huyu hakimbizani na mtu. Anapanua mdomo kama kimia halafu anamwaga insulini majini, naam insulini, ndugu yake ile iko kwa friji ya nyanya mwenye sukari, ila hii imefanana na ya samaki kabisa, watafiti waliitangaza 2015. Samaki sukari inamshuka, analegea, anazubaa kama mtu aliyefunga bila daku, na hapo mdomo unamfunika polepole wala hahangaiki. Akiwa ndani ndo anadungwa. Jino lenyewe ni kama chusa, lina uwazi ndani na kichembe cha kunasia, akishalitumia moja analeta lingine. Mie hapo huwa nasema subhanallah, mnyama mwenyewe hata mgongo hana!

Mie nilipokuwa mdogo, maji yamekupwa, watu wanachokoa pweza kule mwambani Nyali, Mombasa, nikaokota moja kama hili na lilikuwa hai, nikaja nalo mbio kumuonyesha mjomba. Akanipiga kofi la mkono kombe likaruka huko, nikalia siku nzima na kununa juu, kumbe ameniokoa. Maana wengine watakwambia shika huku kwa upana huku hakufiki, si kweli, ule mkonga wake wa kudungia unanyooka na kupinda unafika popote, na hilo jino linapita hata nguo ya kupigia mbizi.

Ukidungwa pengine hata huumii sana, ndo ubaya wake. Inaanza ganzi, kope zinaanguka, ulimi mzito, kisha misuli ya kuvuta pumzi inalala. Dawa ya kuikata sumu yake hakuna, daktari anakupumulia na mashine mpaka sumu iishe mwilini, basi mfungeni bandeji kiungo chote kilichodungwa, asitembee, mkimbizeni hosi, na mambo ya kuchanja na kunyonya achaneni nayo. Akiacha kupumua njiani mpulizieni pumzi mdomoni msichoke.

Na cha ajabu binamu yake, Conus magus, sumu yake ndo imetoa dawa ya maumivu makali, zikonotidi, Marekani waliipitisha 2004, inatiwa kwa uti wa mgongo.

Haya maswali, anza wewe mwenye kanzu. Na kombe langu liko wapi? Nalitaka lirudi.