Nani Alikuwa na Njaa Korintho?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo nataka tuisome aya moja ambayo, kwa maoni yangu, imewanyima watu wengi chakula. Ni Wakorintho wa Kwanza 11:27, katika barua ya Mtume Paulo kwa kanisa la Korintho, ile inayoonya juu ya kula mkate na kunywa kikombe cha Bwana isivyostahili. Kwetu aya hii imegeuzwa askari wa getini. Mtu amegombana na jirani yake, basi siku ya meza ya Bwana anabaki kitini akijihukumu.

Tuanze na mji wenyewe. Warumi waliibomoa Korintho mwaka 146 KK, na Julius Caesar akaianzisha upya mwaka 44 KK iwe koloni la Kirumi. Wengi wa walioletwa kuijaza walikuwa watumwa walioachwa huru. Ulikuwa mji wa bandari mbili, fedha ikipita huku na huku, na watu wake wengi hawakuwa na ukoo mkubwa wa kujivunia. Mahali kama hapo, kuonekana umealikwa kwenye karamu ya nani, na umeketishwa wapi, si jambo dogo.

Wakati wa barua hii nao tunaujua vizuri kuliko kwa sehemu nyingi za maisha ya Paulo. Matendo 18 yasema alishtakiwa mbele ya Galio, liwali wa Akaya, jimbo la Kirumi lililokuwa na Korintho. Huko Delphi, Ugiriki, yamepatikana maandishi ya jiwe, barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio huyo, nayo ni ya mwaka 52 hivi. Barua kwa Wakorintho ikafuata miaka michache baadaye, kutoka Efeso.

Na ni barua ya kujibu. Watu wa nyumbani mwa Kloe walikuwa wamempelekea Paulo habari za mafarakano, na Wakorintho wenyewe walikuwa wamemwandikia; anasema hivyo katika 7:1. Barua yao imepotea. Kwa hiyo tunamsikia mmoja tu kati ya wawili wanaozungumza, na tusipotafuta aliyesemeshwa alikuwa katika hali gani, tutajiweka sisi mahali pake.

Sasa rudini nyuma kidogo, aya ya 21. Mmoja ana njaa, mwingine amelewa. Hebu fikirini: kwa kipande cha mkate na tone la divai, nani atalewa? Walikuwa wanakula mlo kamili. Chumba cha kulia cha Kirumi kwa desturi kilikuwa na nafasi ya watu tisa hivi, wakiegemea kwenye makochi. Waliozidi walikaa penginepo. Na chakula hakikuwa kimoja. Plinius Mdogo, mwandishi wa Kirumi aliyeandika karibu nusu karne baada ya Paulo, anamsimulia mwenyeji aliyegawa divai ya aina tatu: moja yake na wageni wakubwa, nyingine ya marafiki wa chini, ya tatu ya walioachwa huru. Plinius alichukizwa, lakini desturi yenyewe haikumshangaza mtu.

Siwezi kuwaapia kwamba Wakorintho walikutana katika jumba la namna hiyo. Akila na Prisila, mume na mke waliomkaribisha Paulo Korintho, walikuwa mafundi wa mahema, na wako wataalamu wanaodhani kanisa lilikutana katika karakana. Lakini Warumi 16:23 inamtaja Gayo, mwenyeji wa kanisa lote, na huyo lazima alikuwa na nafasi. Vyovyote vile, aya ya 22 iko wazi: wenye kitu wanawatahayarisha wasio na kitu. Kula isivyostahili, katika sura hii, ni kushiba mbele ya ndugu yako mwenye njaa na kuiita karamu hiyo ya Bwana. Dawa anayoitoa Paulo katika aya ya 33 ni kungojana.

Hapa lakini nina ugomvi wangu na Mtume. Aya ya 34 inasema mwenye njaa ale kwake. Ni rahisi kwa Gayo, kwake kuna jiko na akiba. Mtumwa aliyechelewa kutoka kazini ale wapi? Plinius, mpagani yule, alisema mezani pake yeye huwapa wote chakula kilekile, na divai anayokunywa ni ile ya watu wake walioachwa huru. Paulo hakumwagiza tajiri afungue kapu lake. Baadhi ya wataalamu wanasema alitafuta suluhu ambayo wenye nyumba wangeikubali, na mimi naona wana hoja. Anayemtetea Paulo aanze yeye kuuliza maswali.